Mnaojifunzia baiskeli kitabuni, ongeeni na breki zenu kwanza

Wadogo zangu mnaosoma vitabu vya kuendesha baiskeli siwacheki, na mimi nilianzia hukohuko. Ila jana hapa Mwanza, pale Buzuruga, nimeona mwenzenu anapenya kushoto kwa Hiace iliyosimama kituoni, mlango wazi, konda anashusha, mama anateremka na beseni lake... nilifumba macho. Na kitabu kilichomponza nakijua, nilimuazima mimi.

1. Kitabu cha Marekani kinasema basi likisimama lipite kushoto. Kule wanaendesha kulia! Sisi tuko kushoto kama Waingereza, kwa hiyo kila anachosema kigeuze, na kama kugeuza kunakuchanganya tafuta Cyclecraft ya John Franklin, ya Uingereza, upande wao ndo wetu. Habari ya kukaa katikati ya leni ikiwa nyembamba, badala ya kujibanza mtaroni, anaieleza vizuri. Ila usiianzie Nyerere Road, madereva wa daladala hawajakisoma.

2. Breki. Hapa nina kovu. Kitabu kilekile cha Marekani kilisema breki ya mbele ndo inasimamisha hasa, maana ukikamata uzito unahamia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi, kweli kabisa. Kikasema mkono wa kushoto ndo mbele, na hiyo ni kweli kwa baiskeli za kwao. Yangu ilikuwa mtumba wa Japani na Japani mbele iko kulia, na mimi na akili zangu sijawahi kufuata waya nione unaishia wapi, baiskeli ninayoipanda kila siku jamani. Sasa nashuka mlima wa Bugando, mvua imetoka kukatika, nikajiambia leo utelezi, mbele siigusi, nakamata nyuma tu, nikaminya kulia kwa nguvu zote. Tairi la mbele likafunga likachomoka, nikalala ubavu nikasereka mpaka mtaroni, kiwiko hakina ngozi, jino limemeguka. Vijana wa boda wakaniokota huku wanacheka, na hospitali iko juu kulekule nilikotoka, nikapandishwa tena mlima na nauli nikalipa. Nyumbani nilisema mbwa kakatiza. Hakukuwa na mbwa.

Kwa hiyo kabla hujapanda nyanyua tairi la mbele, lizungushe, minya mkono mmoja mmoja uone upi unalisimamisha. Na ukitoka kwa fundi rudia, kuna mafundi wanabadilisha waya bila kukwambia.

3. Kuangalia nyuma bila kuyumba: kidevu begani, bega la kulia, mikono ilegee.

4. Kukwepa shimo ghafla: sukuma usukani kidogo kuelekea shimo, baiskeli italalia upande wa pili, hapo ndo uufuate. Najua inasikika kama uchawi. Majani kwanza, lami baadaye.

5. Kengele haisikiki kwenye muziki wa daladala, tumia mdomo.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nipo viwanja vya Furahisha, njooni na baiskeli zenu wenyewe, za kuazima hapana, breki zake hatuzijui.