Jibu: Kununua nyumba Garden City, Kansas, bila akiba

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kununua nyumba Garden City, Kaunti ya Finney, wakati huna pesa za kutanguliza. Anza na mkopo wa USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani) uitwao Section 502 Direct. Ni wa wenye kipato kidogo, kwa kawaida hautaki malipo ya awali, unalipwa kwa miaka 33, na riba inaweza kushushwa hadi asilimia 1. Mwenye green card anaruhusiwa. Angalia kwanza anwani ya nyumba kwenye ramani ya USDA, uone kama eneo hilo linakubaliwa.

Sisi bei ndogo ilitupumbaza. Nyumba ilikuwa nje ya mji: kisima, shimo la maji taka, tangi la gesi ya kupasha nyumba joto uani. Januari tuliamka mshale wa tangi uko chini kabisa, watoto wamevaa makoti ndani. Kagua hivyo vitatu kabla hujasaini chochote.