Binti akisoma SUA, atatuletea mbegu ya muhogo isiyooza? Jibu kwa mkulima wa Muheza

SWALI: Mtaalamu, salaam kutoka Muheza. Mimi ni mkulima wa muhogo na machungwa, na umri umeshakwenda. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua Amani, kule milima ya Usambara, enzi za Mwingereza, na alitusimulia kwamba wataalamu wa kilimo wa Afrika Mashariki yote walikuwa pale mlimani. Baadaye pale pakawa pa utafiti wa malaria. Binti yangu wa mwisho amepata nafasi SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shahada ya kilimo. Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini chuo kikuu cha kilimo kiko Morogoro na vituo vya utafiti viko kwingine chini ya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kila upande na mkubwa wake? La pili, muhogo wangu unaozea ardhini, majani mazuri lakini ukikata ndani ni kahawia. Binti akimaliza hiyo miaka mitatu ataweza kututolea mbegu inayostahimili?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na hongera kwa binti. Niruhusu nianze na swali la pili, maana jibu lake ndilo linalofungua la kwanza.

Kwa miaka mitatu hataweza. Hata akiongeza miwili ya uzamili, bado. Akili anazo, tatizo ni muda ambao muhogo wenyewe unadai. Ua jike la muhogo hufunguka kwenye adhuhuri. Mtafiti hulivika kifuko cha kitambaa kabla halijafunguka ili nyuki asimtangulie, kisha huleta ua dume la baba aliyemchagua na kuligusisha, na kufunga kibandiko chenye majina ya wazazi wote wawili. Tunda likikaribia kukomaa hulivisha wavu, kwa sababu likikauka hupasuka na kurusha mbegu. Ndani hakuna zaidi ya mbegu tatu. Na mbegu hizo tatu, ingawa ni za tunda moja, kila moja ni aina ya peke yake: moja itazaa mizizi minene, nyingine nyuzi tupu, nyingine itashikwa na ugonjwa mwezi wa pili. Ndiyo maana tunahitaji maelfu ya mbegu ili tupate aina moja ya kumpelekea mkulima.

Mwaka unaofuata kila mbegu ni mche mmoja. Mche huo ukikomaa hukatwa pingili chache, na mwaka wa tatu hizo ndizo mstari mfupi shambani. Mingi inang'olewa. Iliyobaki inaingia majaribio ya awali, kisha majaribio ya mikoa kadhaa, kisha TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wanakuja kuhakiki kwamba aina hiyo ni tofauti na zilizopo na haibadiliki, kisha kamati inapitisha. Kwa njia ya kawaida ni miaka minane hadi kumi. Siku hizi tunasoma vinasaba vya mche ukiwa bado mdogo na kuitupa mingi mapema, jambo linalopunguza miaka kadhaa, lakini majaribio ya shambani hayakwepeki.

Halafu kuna kuzidisha mbegu. Hindi moja linakupa mamia ya punje za kupanda msimu ujao. Shina la muhogo linakupa pingili kama kumi tu. Ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja inameza miche kama 4,000. Ukianza na mashina kumi, mwaka mmoja unapata 100, wa pili 1,000, wa tatu 10,000, yaani ekari mbili na nusu. Hapo bado hujamfikia jirani yako.

Sasa tazama kalenda ya chuo. Shahada ya kwanza miaka mitatu, na utafiti wa mwanafunzi ni msimu mmoja. Uzamili miwili, uzamivu mitatu au minne. Mwanafunzi anaweza kufanya kipande kimoja cha kazi, na kipande kizuri sana, lakini kazi nzima lazima iwe na mtu au taasisi inayoishika kabla yake na baada yake.

Baba yako aliona mahali ambapo kazi ilishikwa hivyo. Wajerumani walifungua taasisi ya Amani mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza palilala kwa miaka kadhaa, kisha Waingereza wakapafufua mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Miaka ya 1930 batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya muhogo, ilikuwa inaumaliza. H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea pale Amani, na wenzake walitafuta kinga kwenye muhogo wote walioweza kuupata, na haikuwatosha. Wakageukia mti ambao ulikuwa umeachwa mlangoni kwao: mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo, uliopandwa kwa wingi enzi za Wajerumani na kutelekezwa bei ya mpira ilipoanguka. Wakauchanganya na muhogo. Uzao wa kwanza ulikuwa na kinga lakini mizizi haifai kuliwa. Wakarudisha kwenye muhogo, wakachagua, wakarudisha tena, wakachagua tena, mara tatu. Kazi hiyo ilikwenda kwa miaka kama ishirini. Na ugonjwa unaokusumbua wewe leo, michirizi kahawia, uliandikwa kwa mara ya kwanza na Storey huyohuyo mwaka 1936, akiutofautisha na batobato, kutokana na mihogo ya pwani yetu.

Kisha kazi ikasimama. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo wa kanda uliundiwa shirika jipya, EAAFRO, na makao yakawa Muguga karibu na Nairobi. Amani ikageuzwa kuwa ya malaria. Muhogo uliendelea kidogo hadi 1957, ukafungwa.

Hapa kuna jambo ambalo napenda kila mwanafunzi wa kilimo alijue. Kabla ya kufungwa, mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria. Huko ilichaguliwa aina moja iliyoitwa 58308, na miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, pale Ibadan iliitumia kama mzazi wa aina zake zinazostahimili batobato. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda miaka ya 1990, baadhi ya aina zilizopelekwa kuokoa jahazi zilikuwa wajukuu wa kazi ya Amani. Damu ya mti wa Tanga ilizunguka kupitia Nigeria ndipo ikarudi Afrika Mashariki.

Na nyingine haikuondoka kabisa. Wakulima wa pwani ya Kenya waliendelea kupanda muhogo wanaouita Kaleso, na wakulima wa kusini mwa Tanzania waliendelea na Namikonga, kwa sababu tu haukuoza. Watafiti waliporudi kuhangaika na michirizi kahawia, walikuta Kaleso ni mojawapo ya chotara za Amani, na vinasaba vikaonyesha kwamba Namikonga ni huohuo. Leo Namikonga ni mzazi muhimu katika uboreshaji wa muhogo dhidi ya michirizi kahawia. Wakulima walitunza kwa mikono yao kile ambacho taasisi ilikiacha. Kila nikilifikiria hilo nasikia shukrani na uchungu kwa pamoja, maana ni miongo mingapi tungeokoa kama kazi ile isingekatwa 1957?

Sasa swali lako la kwanza. Utafiti na chuo kikuu viko mbali kwa sababu vilizaliwa mbali. Utafiti ulianza 1902, na shahada ya kwanza ya kilimo ndani ya Tanzania ilianza 1969. Kwa zaidi ya miaka sitini vituo vilifanya kazi bila chuo kikuu kando yao, na wenyeji kama baba yako walishika jembe, darubini haikuwa yao. Kituo cha Mlingano, pale pale wilayani kwako, kilizalisha mkonge chotara nambari 11648 unaotoa majani 600 na zaidi maishani mwake, ilhali mkonge wa zamani ulitoa kama 250, na Wachina wakauchukua na kuulima kwao. Kituo cha Ukiriguru kule Mwanza kilizalisha aina za pamba, Lyamungu kule Kilimanjaro kahawa. Mtanzania aliyetaka shahada ya kilimo ilimbidi aende Makerere. Hata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa 1963, mgawanyo ulikuwa kilimo Makerere, mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam.

Morogoro ilianza 1965 kama chuo cha stashahada. 1969 ikawa kitivo, mwaka uliofuata ikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipozaliwa, misitu ikaongezwa 1974 na udaktari wa mifugo 1976. Tarehe 1 Julai 1984 ikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa amefariki kwa ajali mkoani humo humo Aprili ya mwaka ule.

Upande wa vituo, miaka hiyo ilikuwa migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Muguga ilibaki Kenya pamoja na kilichokuwa ndani yake. Sisi tukaunda shirika letu la utafiti wa kilimo, TARO, mwaka 1980, ikavunjwa 1989, vituo vikarudi wizarani. TARI imekuja kwa sheria ya 2016. Kwa hiyo chuo kilikua chini ya mambo ya elimu, vituo vikabadilisha mikono chini ya kilimo, na bajeti zao hazikukutana. Hata vigezo vya kupanda cheo vinatofautiana: mhadhiri anaulizwa amefundisha nini na amechapisha nini, mtafiti wa kituo anaulizwa ametoa teknolojia gani. Kule Marekani sheria za 1862, 1887 na 1914 ziliunganisha kufundisha, kutafiti na ugani katika chuo kimoja. Sisi hatukupita njia hiyo.

Je, tuviunganishe? Mimi nasema hapana. Muhogo wa Muheza haujaribiwi Morogoro ukaeleweka, lazima vituo vibaki kwenye kanda zao. Ninachokitaka, na nimekuwa nikikisema kila nipatapo nafasi, ni programu za pamoja za zao moja moja, zenye fedha ya uhakika ya miaka kumi, ambapo wanafunzi wanaingia na kutoka lakini daftari la shamba halifungwi. SUA wenyewe wameonyesha kwamba inawezekana. Kwenye maharage walikuwa na programu iliyodumu kuanzia miaka ya 1980, na ikatoa SUA 90, kisha Rojo, kisha Mshindi na Pesa. Maharage yanakomaa kwa miezi mitatu hivi, hilo linasaidia, lakini jambo kubwa ni kwamba kazi haikukatika mwanafunzi alipohitimu.

Kwa binti: asisubiri mwaka wa tatu. Mafunzo kwa vitendo aombe TARI Kibaha au Naliendele, huko ndiko muhogo wa pwani unakofanyiwa kazi. Mlingano ni karibu na nyumbani, lakini shughuli yao kubwa ni mkonge na udongo. Akifika asikubali kukaa ofisini. Aombe kuvika maua vifuko, kuandika vibandiko, kupasua mizizi siku ya kuvuna na kuipa alama ya kuoza kutoka 1 hadi 5. Takwimu asiziogope, maana bila takwimu hatajua kama tofauti anayoiona ni ya mbegu au ya udongo. Na akipenda uboreshaji wa mazao, kwenye uzamili wake awe na wasimamizi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kituo.

Kwa shamba lako, usimsubiri. Dalili ulizoandika ni za michirizi kahawia. Tazama majani ya chini kama yana umanjano kandokando ya mishipa, na shina la kijani kama lina mistari ya kahawia. Shina lolote lenye dalili ling'oe, usikate pingili kutoka kwake, wala usichukue pingili za jirani kwa sababu majani yanapendeza. Virusi vinasafiri ndani ya pingili, na inzi weupe wanavihamisha shambani. Usiuache muhogo ardhini muda mrefu baada ya kukomaa, kuoza kunaongezeka kadiri unavyokaa. Kiroba na Kipusa ni aina zinazostahimili, ingawa si kwa asilimia mia, kwa hiyo kuchagua pingili safi kunabaki palepale. Mwulize afisa kilimo wa kata akuelekeze kwa mzalishaji wa pingili za daraja la Kuazimiwa Ubora (daraja la mbegu linalozalishwa na wakulima wenyewe) aliyekaguliwa na TOSCI, na unapolipa dai uone cheti cha msimu huu, cha msimu uliopita usikikubali. Anza na robo ekari mbali na shamba la zamani, uizidishe mwenyewe.