Barua kwa mwanangu anayetaka kujulikana kama mtaalamu wa nyanya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba umeniuliza kabla ya kuamua. Umeuliza mambo mawili: iwapo ukurasa wako wa kilimo cha nyanya uuite kwa jina lako au kwa jina la kampuni unayokusudia kuisajili, na iwapo ni halali kujiita mtaalamu ilhali wapo watu wenye shahada tatu ambao hawajawahi kujitangaza popote. Mwishoni, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukaongeza kwamba mwenye duka moja la pembejeo yuko tayari kukulipa kila mwezi ili uitaje dawa yake katika video zako.

Kuhusu jina, tumia lako. Kampuni inaweza kufungwa leo na kesho ikasajiliwa kwa jina jingine, lakini mkulima aliyepata hasara humtafuta mtu, na ana haki ya kumpata. Kuhusu kujiita mtaalamu, umesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, umekodi mashamba, na mwaka 2014, kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, alipoingia nchini, ulipoteza eneo zima hata baba yako akauza ndama wake ili akukwamue. Sioni sababu ya wewe kuona haya mbele ya mtu yeyote. Hayo mawili ni mepesi. Linaloniondolea usingizi ni lile ambalo hukuliuliza: watu elfu kadhaa wakishakuamini, utajuaje kilichowapata baada ya kukusikiliza?

Nimelisema tangu ukiwa mdogo na ndugu zako wamechoka kulisikia, lakini nitalisema tena. Mtaalamu ni yule anayerudi shambani. Kutoa ushauri kunawezekana kwa kila mwenye sauti. Kurudi kuona ushauri ule umezaa nini ndiko kunakomtenga mtaalamu na msemaji.

Habari ya dumuzi unaijua kwa kuisikia tu, kwa sababu ulizaliwa baadaye. Nilipopangiwa kazi Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa bibi shamba mgeni ambaye hata Kinyamwezi hakijui, mdudu huyo kutoka Amerika ya Kati alikuwa ameanza kuonekana mkoani Tabora, na wakulima walimwita Scania. Tulikuwa tumezoea fukusi, ambaye hula polepole na kumwachia mwenye nyumba chakula cha kutosha hadi mavuno. Huyu alikuwa mwingine kabisa. Ulichukua hindi kutoka kwenye kihenge, nalo likaonekana zima kwa nje, lakini ukiligonga kidogo kwenye ukingo wa ndoo unga ulimwagika, mweupe na laini, ukabaki na gunzi lenye matundu na maganda matupu ya punje. Nimewaona wanawake wakilikung'uta hindi baada ya hindi bila kusema neno, kwa sababu walikuwa wanahesabu miezi iliyobaki.

Wataalamu wa utafiti walikuwa wameeleza kwamba dumuzi hutoboa vizuri zaidi punje iliyoshikwa imara kwenye gunzi, na kwamba mahindi yaliyopukuchuliwa humpa shida. Tena vumbi la dawa lisingeweza kuifikia kila punje ndani ya hindi zima. Ushauri ukawa kupukuchua kwanza, kisha kuchanganya dawa ya vumbi yenye viambata viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi, kwa kiasi cha gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Kwenye karatasi jambo hili ni sentensi moja. Kijijini lilimaanisha kuwaomba wanawake waache desturi ya kuhifadhi mahindi na magunzi yake, wafanye kazi ya wiki kadhaa kwa mikono, tena katika nyumba ambazo tumbaku ilikuwa bado inachambuliwa. Walinisikiliza kwa heshima, kisha hawakufanya lolote.

Alikubali bibi mmoja, mjane, naye alitoa magunia machache tu. Nilirudi kwake kwa baiskeli karibu kila mwezi. Tulifungua gunia, tukatia mkono hadi katikati, tukamwaga punje kwenye ungo na kupepeta mbele ya majirani, nao walitazama ungo, hawakunitazama mimi. Mwezi wa tatu wakaanza kuniuliza dawa inauzwa wapi. Msimu uliofuata, nilipokuwa nikipita barabarani, watoto walikimbia nyuma ya baiskeli wakiita, "Mama Pukuchua! Mama Pukuchua!" Shangazi yako alipolisikia jina hilo alidhani ninatukanwa. Mwanangu, sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kuliko jina lile, na hadi leo mtu wa Urambo akiniita hivyo kwa simu ninasimama nilipo.

Kisha wakaja wageni kutoka mkoani. Mwenzangu mmoja kazini, ambaye hakuwahi kukaa katika kijiji kile hata nusu siku, alisimama mbele yao na bango lililochorwa vizuri, akaeleza kupukuchua na kuchanganya dawa kana kwamba vihenge vile alivifungua yeye. Alisema vizuri, hilo sitamnyima. Akapigwa picha, na picha ikatundikwa ofisini ikiwa na maneno yaliyomtaja kuwa mtaalamu wa hifadhi ya nafaka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na yule bibi. Baba yako aliniambia nisahau. Sikusahau, na sidhani kwamba nitasahau.

Hapa, hata hivyo, ndipo ninapojipinga mwenyewe, na nimejipinga kwa miaka mingi. Mwenzangu yule, kwa bango lake na ulimi wake, alialikwa katika tarafa ambazo mimi na baiskeli yangu tusingezifika, na zipo kaya zilizopukuchua mahindi yao kwa sababu yake. Jina langu liliishia kwenye mpaka wa kata. Upande wa pili wa mpaka huo watu walikula unga uliobaki baada ya wadudu, kwa sababu mwanamke aliyejua la kufanya hakuwa na namna ya kuwafikia. Laiti tungekuwa wakati ule na simu hizi mlizo nazo ninyi, na ule ungo ukaonekana Sikonge, Nzega na Kahama siku hiyo hiyo! Kwa hiyo sitakuambia kwamba kutafuta kujulikana ni ubatili. Anayejua na akanyamaza huwaachia uwanja wasiojua, na wasiojua hawanyamazi.

Wala sisemi kwamba sauti ya mbali haiwezi kuleta mabadiliko. Mwaka 1973, nikiwa msichana, kampeni ya Mtu ni Afya ilifundishwa kwa redio nchi nzima na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Lakini kumbuka ilivyokwenda: watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kitabu, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo, na juma lililofuata wakaulizana nani amechimba na nani bado. Redio ilisema, na kikundi ndicho kilichorudi shambani. Katika simu yako hicho kikundi sikioni. Ninaona watu walioweka alama ya kidole gumba na walioandika "ubarikiwe mtaalamu".

Chukua mfano wa yule mkulima wa Mlali aliyekutumia picha mwezi wa tatu, nyanya zake zikinyauka zikiwa bado na majani ya kijani. Ulimjibu kwa video, ukataja ugonjwa na ukataja dawa ya ukungu ya kupuliza. Sikatai kwamba huenda ulikuwa sahihi. Lakini mnyauko kwenye picha unaweza kuwa wa bakteria, unaweza kuwa wa fusari, ambayo ni ukungu wa ardhini, unaweza kuwa minyoo fundo kwenye mizizi au kiu tu. Ungemwambia akate kipande cha shina karibu na ardhi, akining'inize ndani ya glasi ya maji safi na asubiri dakika chache. Nyuzi nyeupe za ute zikianza kushuka kutoka kwenye shina, huyo ni bakteria, na hakuna dawa ya ukungu itakayomsaidia mkulima. Atang'oa miche iliyougua, na eneo lile hatapanda nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, bali mahindi. Wakulima wa tumbaku wa Urambo wanaujua ugonjwa huo, kwa kuwa tumbaku nayo ni ndugu wa nyanya. Jaribio la glasi lingeonekana vizuri sana kwenye kamera yako. Na lingewapa watazamaji wako uwezo wa kujijibu wenyewe siku ambayo wewe huna muda wa kuwajibu.

Kwa hiyo, ukiniuliza jinsi ya kujenga jina, nitakuambia hivi. Kila video ianze kwa kusema umesimama wapi, ni mwezi gani na mbegu ni ipi, kwa sababu mtu wa Ilula, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi, anapambana na bakajani, ugonjwa unaobabua majani, na ushauri wake ukibebwa mzimamzima hadi kwenye joto la Mlali utamgharimu mtu. Kisha rudi. Rekodi shamba lile lile baada ya wiki tatu, na baada ya mavuno, hata pale ambapo mambo yameharibika. Najua video za namna hiyo hazitazamwi sana, na umenieleza kwamba kwa video ndefu YouTube hailipi fedha za matangazo mpaka ufikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Saa hizo 4,000 hazipimi hata kilo moja ya nyanya. Lakini mkulima atakayekuona umerudi mara tatu kwenye shamba moja hatahitaji kuambiwa kwamba wewe ni mtaalamu, na ndiye atakayewaleta wengine.

Sasa yule mwenye duka la pembejeo. Nimeandika aya hii mara kadhaa, kwa sababu ninajua maisha yako. Mimi nililipwa mshahara na serikali. Ulikuwa mdogo, lakini uliniwezesha kumwambia mkulima asinunue dawa na bado watoto wangu wakala. Wewe huna mshahara huo. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipodai leseni yenye ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa jumla, uliifunga blogu yako ya kwanza, na nilikuona siku ile. Mtu anayewafundisha wakulima bure anahitaji kula, na bando halinunuliwi kwa shukrani. Hilo ninalikubali bila shaka yoyote.

Upande mwingine, fikiri kitakachotokea ukifanikiwa. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba kantangaze huizoea dawa inayopulizwa msimu baada ya msimu, na kwamba dawa zinapaswa kubadilishwa kwa makundi ya viambata, si kwa majina ya kwenye chupa. Bwana shamba wa kata moja akiisifu dawa moja, mashamba machache yataipuliza. Wewe ukiisifu kila wiki, itapulizwa kuanzia Lushoto hadi Mbeya, na kadiri unavyoaminiwa zaidi ndivyo dawa ile itakavyochakaa mapema, kisha atakayelaumiwa ni mwenye uso unaoonekana kwenye video. Je, mkataba wake utakuruhusu kusema msimu huu badilisheni kundi, hata kama duka lake halina dawa ya kundi jingine? Utakuruhusu kusema siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna, wakati ambapo mkulima ana mnunuzi anayengoja barabarani na lori? Je, dawa yenyewe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa ajili ya nyanya? Na watazamaji watajua kwamba umelipwa?

Unasubiri niseme kubali au kataa, na ulimi unaniwasha, kwa sababu moyoni ninalo jibu na wewe, kwa jinsi unavyonijua, unalikisia. Sitalisema. Wewe ndiye utakayeishi na jina hilo, tena katika kazi ambayo mimi sijawahi kuifanya kwa namna yenu, na neno la mama likishatoka linaweza kuwa zito kuliko ushahidi. Kama mkataba utabeba majibu mazuri ya maswali hayo yote kwa maandishi, nitakaa kimya kwa moyo mweupe. Kama hautayabeba, basi nitakaa kimya kwa shida.

Ila kabla hujampa jibu lolote, mpigie simu yule mkulima wa Mlali. Muulize nyanya zile ziliishia wapi, alipuliza nini, na alivuna nini, kisha uniambie alichokujibu.

Baba yako anakusalimu, na anasema ng'ombe amezaa.

Mama yako