AMI ANAJIBU: Posa ya Kosovo kule Strasbourg

Toleo hili sijibu ya mirathi wala ya bodaboda kwenye vichochoro, mtaniwia radhi. Barua ya mzee mmoja wa Mkunguni tuliichapa toleo lililopita bila jibu maana nafasi ilikwisha, kumbe imechokoza watu, zimekuja zengine za Kosovo hiyo hiyo mpaka nikaona bora nizijibu pamoja. Ya mzee naiweka tena.

*Assalaam aleikum mwanangu. Hapa Mkunguni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja asema Kosovo ni nchi maana Kenya imeitambua Machi 2025, mwengine asema si nchi maana hata Baraza la Ulaya limewakataa. Nani mkweli? Na baraza hilo ndilo lile la yuro na viza? – Mzee wa Mkunguni, Lamu*

Waaleikum salaam, shikamoo mzee wangu. Wote wawili wameshika kipande cha kweli, ila huyu wa pili amekivuta kidogo. Kosovo ilijitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008, ikitoka kwa Serbia, na Serbia mpaka leo haikubali, yasema ile ni sehemu yake. Kenya kweli ilitia sahihi ya kuitambua Machi 2025, wakubwa wa Serbia kule Belgrade wakanuna. Kwa upande wa Ulaya, Kosovo ilipeleka maombi yake tarehe 12 Mei 2022, na kukataliwa haijakataliwa. Imewekwa inangoja, na kungoja kwenyewe ndo hadithi, nitaifikia kwa huyu mwalimu wa Barani hapa chini.

Hilo la yuro na viza ni jengine kabisa, ni Umoja wa Ulaya, lina nchi 27. Baraza la Ulaya ni mkubwa wake kwa umri, lilianzishwa London mwaka 1949 na nchi 10, makao yake Strasbourg huko Ufaransa, na saa hizi lina memba 46, mpaka Uturuki imo, Uswisi imo, Uingereza iliyojitoa kwa wenzake kule kwengine hapa bado imo. Hata mimi siwalaumu wanaochanganya, maana bendera ni moja, ile ya samawati yenye nyota 12, Baraza ndilo lililoianzisha mwaka 1955 alafu Umoja ukaja kuichukua miaka ya themanini. Baraza halina pesa za maana, halina jeshi, viza halitoi. Lina mahakama. Nchi ikiingia inatia sahihi Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na kutoka siku mkataba unapoanza kazi raia wake akidhulumiwa na serikali yake, akizunguka mahakama za kwao zote asipate haki, ana ruhusa kuipeleka serikali yenyewe Strasbourg. Kwa hivyo mzee wangu ukitazama vizuri, Kosovo inapiga foleni ili iweze kushtakiwa. Hapo waulize wenzio wa kahawa ni serikali gani nyengine waijua inayoomba hivo.

*Ami shikamoo. Nilisoma kwamba bunge la hilo baraza lilipiga kura na Kosovo wakashinda kwa mbali, sasa mbona hawajaingia? Wanafunzi wangu wameniuliza nikababaika. – Mwalimu wa Barani, Malindi*

Marahaba mwalimu, na usijali, walobabaika ni wengi. Kura ilipigwa kweli, tarehe 16 Aprili 2024, 131 wakasema ndiyo, 29 hapana, 11 wakajizuia. Lakini kura ile ni ya ushauri. Waambie wanafunzi hivi: mtu akipeleka posa, wajomba wanaweza kukaa, wakala halua, wakasema kijana ni mzuri ana adabu, na bado baba mtu hajatamka neno. Bunge lile ni wajomba. Baba mwenyewe ni Kamati ya Mawaziri, mawaziri wa nje wa zile nchi 46, na ili kumualika memba mpya lazima thuluthi mbili ya wote wakubali, yani kura 31. Mei 2024 mawaziri wakakutana Strasbourg, watu wakasubiri, na jambo la Kosovo halikuwekwa hata mezani.

Aliyeandika ripoti ya bunge alikuwa Dora Bakoyannis, aliyewahi kuwa waziri wa nje wa Ugiriki, na Ugiriki yenyewe haiitambui Kosovo! Mama yule akaandika kwamba waingizwe. Sasa waliokanyaga breki ni wale wale ambao Kosovo iliwahesabu kuwa marafiki, Ufaransa, Ujerumani na Italia, zote zimeitambua toka 2008. Walichotaka ni kitu kimoja. Mwaka 2013 huko Brussels, Kosovo na Serbia walikubaliana kwamba manispaa 10 zenye Waserbia wengi ndani ya Kosovo ziundiwe jumuiya yao ya pamoja, ya mambo ya shule, afya, maendeleo na kadhalika. Jumuiya hiyo haikuundwa. Mahakama ya Katiba ya Kosovo ikasema mwaka 2015 kwamba baadhi ya vipengele vyake haviendani na katiba, na waziri mkuu Albin Kurti na watu wake wanaogopa itakuja kuwa serikali ndani ya serikali kama wanavoiona Republika Srpska, ile sehemu ya Waserbia kule Bosnia. Ripoti ya mama Bakoyannis ilisema waingie kwanza, jumuiya iwe ahadi ya kutimizwa wakishaingia. Wale wakubwa watatu wakasema la, tuone hatua kwanza.

Mimi maoni yangu, na mwalimu si lazima uyapeleke darasani, ni kwamba Waserbia wa Kosovo wana haki ya kupata walichoahidiwa, miaka kumi na zaidi ni mingi, na Kurti hapo hana cha kujivunia. Lakini kuifanya kuwa sharti la mlangoni ni ajabu ukikumbuka waliopita mlango huo huo. Urusi iliingizwa Februari 1996 huku vita vya Chechnya bado vinawaka, ikaja kufukuzwa Machi 2022 baada ya kuivamia Ukraine. Azerbaijan iliingizwa 2001 na wafungwa wa kisiasa wakiwa ndani. Hao waliambiwa ingieni mtajirekebisha ndani kwa ndani. Na hao Waserbia wenyewe wa Kosovo ndo wangekuwa wa kwanza kufaidika na mahakama ile, maana wao ndo wachache, na mchache ndo huhitaji hakimu asiyekuwa wa pale pale kijijini.

*Ami, kuna mtu alinambia Kosovo walilazimishwa kurudisha shamba la kanisa. Nauliza kwa sababu mimi nina karatasi ya mahakama ya shamba langu toka zamani, nimeshinda, na kila nikienda ofisini naambiwa njoo wiki ijayo. – Mwenye shamba, Mokowe*

Ndugu yangu pole, na hiyo hadithi utaipenda.

Magharibi ya Kosovo kuna monasteri ya watawa wa Kiothodoksi wa Kiserbia, yaitwa Visoki Dečani, ya karne ya 14, imo kwenye orodha ya UNESCO toka 2004 (sisi mji wa kale wa Lamu tuliingia 2001, tumewatangulia). Watawa hawa walikuwa na ardhi hektari 24, ukipiga kwa eka ni kama 59, na makampuni mawili yaliyobaki toka enzi za Yugoslavia yakawa yanadai ni yao. Kesi ikazunguka mahakama moja baada ya nyengine mpaka 2016 ikafika mwisho Mahakama ya Katiba, ikaamuliwa: ardhi ni ya watawa, imekwisha. Sasa hapo ndo utajiona wewe. Mahakama imekwisha lakini rejista ya ardhi haikubadilishwa. Mwaka ukapita, wa pili, wa tano, serikali zikaja zikaondoka, kila moja ikiogopa kura zake maana kuwapa Waserbia ardhi ni kujichafulia jina kwa wapiga kura, na wale watawa wameshika karatasi ya ushindi mkononi kama uliyoshika wewe. Machi 2024, wiki chache tu kabla ya ile kura ya bunge la Strasbourg, wakaandikishiwa shamba lao. Miaka minane!

Kitu ambacho hakimu wa juu kabisa wa nchi alishindwa kukilazimisha, fomu ya kuomba uanachama ilikiweza. Mimi sisemi serikali ya Kurti iliamka na imani siku ile, ilikuwa na hesabu zake, na watawa sidhani kama iliwauma sana kujua hesabu zilikuwa zipi. Na kwako wewe, mahakama ile ya Strasbourg toka 1997, kwenye kesi ya bwana Hornsby dhidi ya Ugiriki, ilishasema hukumu isiyotekelezwa ni sawa na kunyimwa haki ya kesi yenyewe. Haikufungi wewe wala ofisi yako ya Mokowe, lakini mwambie wakili wako aisome, mahakimu wetu huwa wanazitazama kesi za huko.

*Ami mimi nimeolewa na Mtaliano, tuko Malindi miezi sita na Italia miezi sita. Je mahakama hiyo ni ya wazungu wenyewe tu ama hata mimi wa Shella naweza? – Mama Gianni*

Hata wewe, mama. Hawatazami pasipoti, wanatazama ulikuwa chini ya mamlaka ya nani ulipodhulumiwa. Kama ni Italia imekudhulumu, Italia utaishtaki. Mfano ni wa jirani zetu kabisa: Mei 2009 Wasomali na Waeritrea walitoka Libya kwa mashua kuelekea Lampedusa, meli za Italia zikawachukua baharini, badala ya kuwashusha Italia zikawarudisha Tripoli bila hata kuwauliza jina wala shida iliyowatoa kwao. Watu 24 wakafungua kesi, 11 Wasomali na 13 Waeritrea, inajulikana kama kesi ya Hirsi Jamaa. Februari 2012 majaji wakasema Italia imevunja mkataba, na kwamba kuwa kwenye meli yenye bendera ya Italia ni kuwa mikononi mwa Italia hata kama nchi kavu haionekani. Wakaamriwa kulipwa yuro 15,000 kila mmoja.

Ila usikimbilie. Kwanza lazima umalize mahakama za huko huko Italia, alafu una miezi 4 tu kutoka hukumu ya mwisho, zamani ilikuwa 6. Kufungua hawatozi ada, lakini jibu laweza kuchukua miaka, na kesi nyingi sana hutupwa kwa fomu kujazwa vibaya tu.

*Ami mambo. Sasa kijana wa kawaida wa Pristina anapata nini hapo? Mimi naona ni mambo ya wanasiasa kupiga picha. – Kijana wa Shela, Lamu*

Picha zitapigwa, hilo halikosi. Lakini ngoja nikupe hili. Katiba ya Kosovo, kifungu cha 22, imeshauweka ule Mkataba wa Ulaya kuwa sheria ya ndani, juu ya sheria nyengine za bunge lao. Yani mahakimu wa Pristina, mji wao mkuu, wanaufuata kila siku, wananukuu hukumu za Strasbourg. Alafu hakimu wa mwisho akikosea, kijana wako hana pa kwenda. Sheria ya Strasbourg anayo, njia ya kufika Strasbourg hana.

Machi 2000, mwaka mmoja baada ya NATO kupiga mabomu, watoto wanane walikuwa wanacheza kwenye vilima vya Mitrovica wakakuta vibomu vidogo ambavyo havikulipuka. Mmoja akaokota akarusha juu. Mtoto mmoja akafa pale pale na nduguye akapofuka. Baba yao akaishtaki Ufaransa, maana wanajeshi wa Ufaransa ndo walikuwa wanaongoza eneo lile na hawakuweka hata alama. Mwaka 2007 Strasbourg ikamjibu kwamba kazi ya kuondoa mabomu ilikuwa ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa si memba wa mkataba, kwa hivyo kesi haisikilizwi. Kusema kweli uanachama wa Kosovo usingemuokoa baba yule, aliyekuwa anatawala wakati ule si Kosovo. Lakini waliobaki, wa polisi kuwapiga, wa ardhi, wa kesi kukaa miaka kumi, hao wangepata mlango.

*Na sisi Kenya tunaweza kuomba? – Msomaji, Watamu*

Hapana, ni ya nchi za Ulaya. Na hata tungekuwa Ulaya tungekwama, maana wao memba mpya lazima aondoe hukumu ya kifo, Belarus iko pale pale Ulaya na haijawahi kuingia na hilo ni moja ya yanayoizuia. Sisi mtu wa mwisho kunyongwa ilikuwa 1987 lakini sheria yenyewe bado iko vitabuni.

Yetu iko Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na Kenya ni memba. Waogiek waliishinda serikali yetu huko 2017 kwa kufukuzwa msitu wa Mau, na 2022 wakaamriwa kulipwa fidia ya shilingi milioni 157.85. Ila hawakwenda wenyewe moja kwa moja, kesi ilipelekwa na Tume ya Afrika iliyoko Banjul, Gambia, kwa sababu Kenya haijatia sahihi tamko la kuruhusu mwananchi aende mwenyewe. Tanzania, mwenyeji wa hiyo mahakama, ilikuwa imetia ikaja kujiondoa Novemba 2019. Kwa hivyo wewe wa Watamu ukiwa na lako, malizana na mahakama za hapa mpaka ya mwisho, alafu barua yako ianze Banjul.