Utusitusi ni hatari kuliko giza: ushauri kwa wapanda baiskeli

Wapanda baiskeli wengi huogopa usiku wa manane. Mimi huogopa zaidi ile nusu saa baada ya jua kuzama, na ile ya alfajiri kabla halijachomoza. Usiku kila mtu anajua kuwa ni usiku: madereva wamewasha taa, nawe umewasha yako. Utusitusi haupewi heshima hiyo. Anga bado ni jeupe, barabara unaiona vizuri tu, kwa hiyo unaona kuwasha taa ni kumaliza chaji bure. Dereva naye anawaza hivyo hivyo. Macho yake yanatoka kwenye anga jeupe na kushuka kwenye lami nyeusi, na hapo kwenye lami ndipo ulipo wewe.

Nimekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli kwa miaka mingi, na mara kwa mara nashika usukani wa gari pia. Ukikaa pande zote mbili unagundua jambo moja: mpanda baiskeli hupima usalama wake kwa kile anachokiona yeye, ilhali kinachoamua kama atafika salama ni kile anachokiona mwenzake.

Jicho lenyewe lina mchango wake. Lina seli za kuona mchana, zinazojua rangi, na seli za kuona gizani, zisizojua rangi. Hizi za gizani huhitaji takriban nusu saa kuzoea kikamilifu. Wakati wa utusitusi zile za mchana zimeanza kuchoka na hizi nyingine hazijashika kazi sawasawa. Rangi ya kwanza kupotea ni nyekundu. Mtaalamu wa Kicheki Jan Purkyně aliliandika jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, nawe unaweza kulihakikisha jioni yoyote: tazama ua jekundu na majani yake, utaona ua linaanza kuwa jeusi huku majani yakiendelea kuonekana. Kwa hiyo ile fulana nyekundu unayojivunia mchana, jioni ni sawa na kuvaa nyeusi.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili: nguo ya rangi inayowaka na utepe wa kuakisi. Ile njano kali inayokaribia kijani, na ile rangi ya chungwa inayowaka, huchukua miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana hung'aa kuliko nguo ya kawaida mchana, siku ya mawingu, na hata jua linapoaga. Giza likishaingia miale ile haipo, na chini ya taa za barabarani kizibao chako ni nguo tu kama nguo nyingine. Utepe wa kuakisi ni kinyume chake. Umejaa vishanga vidogo vya kioo au vipande vya pembe pembe vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Taa za gari zikiupiga, dereva huuona ukiwaka. Taa zisipoupiga, haufanyi chochote. Gari linalotoka barabara ya pembeni, taa zake zikiangalia mbele yako, halitauona utepe wako. Kwa hiyo vitu hivi viwili vinasaidiana, na bado hakuna kinachochukua nafasi ya taa.

Sasa lile ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kuonekana ni jambo moja, kutambulika ni jingine. Dereva akiona kitu kinang'aa mbele yake anaweza kudhani ni kibao cha barabarani, au kopo lililotupwa. Mpaka ajue kwamba kile ni mtu, na mtu huyo anatembea, mguu wake haugusi breki. Piga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kushtuka na kuamua, ameshakula mita 25. Kusimama kwenyewe, lami ikiwa kavu na breki nzuri, kunaweza kumgharimu mita 20 nyingine. Mita 45 jumla, na mtu aliyevaa nguo za giza, mbele ya taa za chini, mara nyingi haonekani hata kwa umbali huo.

Kinachomfanya mtu atambulike haraka ni mwendo wa viungo vyake. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha kwamba nukta chache za mwanga kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani zinatosha kwa mtazamaji kujua papo hapo kwamba yule ni binadamu. Watafiti wa usalama barabarani walilichukua wazo hilo wakalijaribu kwa wapanda baiskeli, wakakuta kwamba utepe wa kuakisi kwenye vifundo vya miguu na magoti huwafanya madereva wamtambue mtu mapema zaidi kuliko kizibao peke yake. Miguu ya mpanda baiskeli haitulii, na hakuna kitu kingine barabarani kinachopanda na kushuka namna ile.

Usiniamini mimi, jitazame mwenyewe. Mpe mwenzako baiskeli yako, avae nguo zako, abebe begi lako, kisha apite polepole kwenye barabara tulivu jioni. Wewe kaa ndani ya gari lililosimama, taa za chini zikiwaka. Mara ya kwanza kufanya hivyo, niliona mabega mawili ya jaketi na katikati shimo jeusi: begi lilikuwa limefunika mgongo mzima. Taa ya nyuma, iliyofungwa chini ya kiti, ilikuwa ikichungulia na kumezwa na pindo la koti la mvua kila mwenzangu alipopiga pedali. Lakini vile vitepe viwili vya vifundoni, kimoja juu kingine chini, kimoja juu kingine chini, vilinionyesha mtu kabla sijaona baiskeli. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia taa ya nyuma na vitepe vya miguuni. Jaketi litafuata.

Anayebeba mzigo kwenye keria arudie zoezi hilo akiwa na mzigo wake. Gunia, boksi au dumu likishafungwa, taa na kiakisi cha madigadi mara nyingi vimekwisha kazi. Hamishia taa nyuma ya mzigo wenyewe. Na upitishe kitambaa chenye maji kwenye viakisi kila mara, kwa sababu vumbi na tope huvizima kabisa bila wewe kujua.

Kuhusu taa zenyewe sitasema mengi. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka hivyo, pamoja na kiakisi chekundu nyuma, na sheria za nchi nyingi zinafanana nao. Usigeuze rangi. Mwanga mweupe nyuma yako humwambia dereva kwamba unamjia, naye atakadiria mwendo wako kinyume. Taa ya mbele uielekeze chini kidogo, ipige barabara mita chache mbele yako. Taa kali inayoangalia juu humpofusha anayekuja, na mtu aliyepofuka ndiye hasa usiyetaka apishane nawe.

Iwe ya kumweka, yaani inayowaka na kuzima, au ya kutulia? Mjadala huu hauishi. Ujerumani haikubali taa ya kumweka kwenye baiskeli, Uingereza imeikubali tangu 2005. Kwa maoni yangu kila upande una hoja: inayomweka huvuta jicho haraka, ila ni vigumu kukadiria umbali wa kitu kinachowaka na kuzima. Mimi nyuma nafunga mbili, moja imetulia, nyingine inamweka. Ukiwa na moja tu, iache itulie usiku. Mchana na utusitusi iache imweke.

Ndiyo, nimesema mchana. Mjini Odense, Denmark, wapanda baiskeli wapatao 3,800 walishiriki jaribio la taa zinazowaka muda wote baiskeli inapokwenda, na waliopewa taa hizo walipata ajali za kuumia chache kwa asilimia 19 kuliko wenzao. Jaribio jingine la huko huko Denmark, la watu karibu 6,800, lilihusu jaketi la njano kali. Waliolivaa waliripoti ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 47. Watu waliripoti wenyewe, na watafiti walikiri kwamba hilo huenda liliongeza tarakimu kidogo. Hata walipolirekebisha, faida ilibaki kubwa.

Kuna wakati mmoja ambao vyote hivi vinashindwa: jua likiwa chini kabisa. Hapo angalia kivuli chako. Kikiwa kirefu mbele yako, jua liko mgongoni, wewe unaona kila kitu kwa raha, na dereva anayekuja mbele yako hakuoni kabisa. Huyo ndiye anayeweza kukukatia njia akitaka kuingia barabara ya pembeni. Kivuli kikiwa nyuma, mwenye shida ni dereva anayekufuata, ambaye kioo chake chenye vumbi kimegeuka ukuta mweupe. Siku kama hizo hubadilisha njia nikapita ya ndani, au nasubiri. Dakika kumi na tano zinatosha jua kumaliza kazi yake.

Kwenye makutano usitegemee taa peke yake. Nguzo iliyo pembeni mwa kioo cha mbele cha gari inaweza kumficha mpanda baiskeli mzima, na kama wewe na gari mnaikaribia njia panda kwa mwendo unaolingana, nguzo hiyo inaweza kuendelea kukuficha mpaka mwisho. Badilisha mwendo kidogo, au sogea ndani ya njia yako, ili utoke nyuma yake. Natafuta uso wa dereva. Nisipouona, najihesabu sijaonekana. Pia usikumbatie ukingo wa barabara. Pale ukingoni unachanganyika na nyasi, mitaro na magari yaliyoegeshwa, na dereva hushawishika kukupita pasipo nafasi. Na kabla ya kukunja kona nyoosha mkono mapema, uushikilie. Utepe kwenye kifundo cha mkono hapo ndipo unapofanya kazi.

Limebaki suala la chaji. Taa nyingi za kuchaji hufifia taratibu, na mwenye baiskeli ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu taa ya nyuma haioni. Chaji kwa siku maalumu ya wiki, usisubiri ipungue. Dinamo haina wasiwasi huo, ila ile ya kawaida huzima unaposimama, basi tafuta taa inayohifadhi umeme kidogo ikaendelea kuwaka ukiwa umesimama. Taa ikikuzimikia njiani, usiifungie tochi ya simu nyuma ya begi, ni nyeupe. Shuka, uisukume baiskeli nje ya lami. Au uwe na kitaa chekundu cha akiba cha betri ndogo, ukiweke mfuko ule ule wa viraka na gundi, maana mfuko huo huwezi kuusahau nyumbani.