Usiulize Jina la Mbegu, Uliza Cheti cha Maabara

Tangu nirudi Mombasa kutoka Colorado, nilikofanya kazi kwenye shamba la bangi ya viwandani lenye leseni, vijana hawaishi kunifuata barazani. Wengi wamesomea kilimo na wanatafuta kazi kama ile huko nje. Swali la kwanza huwa: "Ami, mbegu gani kali?" Ukiuliza hivyo kwenye usaili, umeshajimaliza.

Mmea wa bangi huanza kwa kutengeneza kemikali mama iitwayo CBGA. Vimeng'enya viwili, yaani protini zinazogeuza kemikali moja kuwa nyingine, huigombania: kimoja huigeuza kuwa THCA, ambayo ikipata moto huwa THC ya kulewesha, kingine huigeuza CBDA, mama wa CBD isiyolewesha. Nani atashinda ni suala la urithi. Mti wa THC na wa CBD, wote wa asili safi, wakizaa, watoto hutoa zote mbili. Wachavushe watoto hao wao kwa wao, wajukuu hugawanyika: robo THC, nusu mchanganyiko, robo CBD. Ipo pia miti ambayo vimeng'enya vyote viwili vimekufa, CBGA ikabaki ilivyo.

Sasa sikizeni hapa. Kimeng'enya cha CBD nacho si safi: kwa kila sehemu 20 hadi 30 za CBD, huponyoka moja ya THC. Sheria ya Marekani ya 2018 hairuhusu THC ya bangi ya viwandani kupita asilimia 0.3. Ua likifika asilimia 10 ya CBD, piga hesabu mwenyewe uone kama mpaka haujavukwa. Kwa hiyo anayejigamba na CBD nyingi na THC sufuri, mwambie atoe cheti cha maabara chenye vipimo. Nimeona shamba zima likiharibiwa kwa kuvuka mpaka huo, kwa sababu lilichelewa kuvunwa, na msimamizi akalaumu jua na kiu. Mimi sikumwamini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliitesa mimea ya CBD kwa mafuriko, majeraha hata dawa ya magugu, na matokeo waliyotoa 2021 yalionyesha kuwa uwiano wa CBD na THC haukuyumba kwa kiasi cha maana. Wingi wa zote mbili hupanda ua linavyokomaa, lakini uwiano umeshaandikwa kwenye mbegu.

Na usijaribu haya uani kwako Kisauni. Sheria yetu ya 1994 haina kiwango cha THC kinachosamehewa, na kulima bangi kunaweza kukufunga hadi miaka 20.

Jifunze urithi huo kwa pilipili. Chukua ndefu kali na hoho, toa stameni (sehemu za kiume zenye chavua) za ua la hoho kabla halijachanua, pakaza chavua ya ile kali, kisha funika kwa karatasi. Watoto wote watawasha. Panda mbegu zao, na takriban robo ya wajukuu haitawasha kabisa. Onja kila mti na uandike. Lebo ziandike kwa penseli. Masika ya huku hayabakizi wino.