Soya ikichanua ikiwa fupi, usikimbilie kulaumu mbolea

Kwetu Ruvuma, soya ikitoa maua ingali chini ya magoti, watu hulalamikia mbolea. Mimi huuliza kwanza: mbegu gani, na ilipandwa lini?

Soya husubiri usiku mrefu ndipo ichanue. Kila aina ina kiwango chake, na usiku ukikifikia, mmea unaanza kutoa maua hata kama haujajenga mwili. Wanasayansi Garner na Allard walilieleza jambo hili Marekani mwaka 1920: soya aina ya Biloxi waliyoipanda kwa tarehe mbalimbali ilichanua karibu wakati mmoja, na iliyochelewa kupandwa ilichanua ikiwa ndogo.

Songea mchana wa Desemba una karibu saa 12 na dakika 45. Wa Juni kama saa 11 na nusu. Tofauti ni ndogo, lakini soya inaihisi. Mbegu ya Iowa, jimbo la kaskazini mwa Marekani, iliyozoea mchana wa Juni unaozidi saa 15, ukiileta huku inachanua mapema mno na kukupa maganda machache yaliyo karibu kugusa udongo. Brazili walifanikiwa kulima soya hadi karibu na ikweta baada ya kuzalisha aina zisizoharakia maua mchana ukiwa mfupi. Kwa hiyo nunua mbegu iliyojaribiwa huku kwetu, kama zile za Uyole Soya.

Taa za usiku nazo zina madhara. Kona moja ya shamba langu inamulikwa na taa ya ulinzi. Soya ya pale hubaki kijani kibichi ilhali soya nyingine imeshapukutisha majani, na maganda yake hayajajaa. Kona hiyo sasa naipa mihogo.

Halafu kuna kivuli. Chini ya miti, au mahindi yaliyobanana, soya hurefuka kwa kutafuta jua, shina linakuwa jembamba, inalala, na maua mengi yanadondoka. Ng'oa mche mmoja, upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi yake ya kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Kwenye kivuli kizito mara nyingi utakuta vichache, vidogo, vyeupe, kwa sababu majani hayana chakula cha kuvipelekea.

Mimi hupanda Desemba mvua zikishatulia, mistari ikiachana sentimita 50. Ukichelewa hadi mwishoni mwa Januari, punguza iwe 40, maana kila mche utakuwa mdogo na majani yanapaswa kufunika ardhi mapema.